Aliyesoma Moshi Kabla Yangu

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba lile goti ulilosema umeliponya mwenyewe kwa udongo wa moto bado linakubali kuwa limepona. Mimi ni mzima wa mwili. Mama nilizungumza naye juzi, hajambo, ila hajui ninayokuandikia leo. Naomba yabaki kati yetu kwanza.

Mjomba, nimepata tatizo kubwa. Unajua ile tasnifu yangu, kazi ndefu ya mwisho ambayo bila hiyo sipati shahada. Inahusu wachomaji wa matofali, na sura ya tatu inaeleza jinsi mchomaji anavyojua tanuru limeiva bila kipimo chochote, kwa macho tu. Sura ile niliiandika kwa siku mbili. Sikuhitaji kutafuta popote, niliandika yale uliyokuwa ukitusimulia nikiwa mdogo, nimekaa juu ya matofali mabichi na wewe umeshika koleo: moshi mweupe ni maji yanaaga, usiyaharakishe. Moshi mweusi ni kuni zinagombana, zipe hewa. Moshi wa buluu ni tofali linakubali. Moshi ukiisha na hewa ikacheza juu ya tanuru, ziba midomo yote uende ukanawe.

Niliyaandika hivyo hivyo. Sikuweka alama za kunukuu, wala sikusema nani aliyasema. Niliona ni maneno ya nyumbani, na nani anaandika alifundishwa na nani kunawa uso?

Chuo kina programu ya kompyuta inayolinganisha kazi zetu na kazi za wengine. Imekuta maneno yale, neno kwa neno, kwenye tasnifu iliyoandikwa hapa hapa miaka ishirini na sita iliyopita. Mimi sijawahi kuiona. Msimamizi wangu, yule uliyembatiza Mwalimu Miwani, alinisukumia karatasi mbili mezani, yangu na ile ya zamani, akaniuliza, "Unaona ninachokiona?" Nilikiona. Huo unaitwa wizi wa kitaaluma, yaani kuchukua maneno au mawazo ya mtu na kuyaweka mezani kama yako.

Kamati ya maadili inakaa tarehe 20 Machi. Wakiamini niliiba, nafukuzwa, na miaka minne imekwenda. Njia niliyo nayo ni moja, kuonyesha maneno yale niliyapata wapi. Kwa hiyo naomba uniandikie kwa mkono wako, na tarehe. Simu hawaitaki, wanataka karatasi. Wewe maneno yale uliyatoa wapi, mjomba?

Mpwa wako


11 Februari

Kwa Profesa wa ukoo,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya sasa na nyingine ya akiba. Mimi mzima kama tofali la katikati ya tanuru. Goti limepona kiasi kwamba lile jingine linaona wivu.

Barua yako ilinifikia nikiwa na watu kibandani. Niliisoma, nikaikunja, nikawaambia wale vijana, "Nyamazeni, huko chuoni nimekuwa mada." Maana mimi nilivyoielewa ni hivi: maprofesa wamekaa na kompyuta yao, kompyuta imetapika maneno yangu, nao wamechanganyikiwa yametoka wapi. Yametoka kwangu. Waambie wapumzike.

Unauliza niliyatoa wapi. Mtu anauliza chemchemi imetoa wapi maji? Niliyatoa kichwani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimesimama peke yangu mbele ya tanuru la tofali elfu arobaini, hakuna wa kuniambia kitu. Nikautazama moshi, moshi ukanitazama, tukaelewana. Tanuru lile, Profesa, lilikuwa na joto ambalo halijapata kuonekana tena. Kuku wa jirani walitaga mayai yaliyokwisha iva. Wingu la mvua lilikuja, likafika juu ya tanuru langu, likaghairi. Alikuja mhandisi na kipimo chake cha kioo, akakielekeza kwenye mdomo wa tanuru, kikapasuka, akavua kofia, akaniuliza, "Mzee, wewe unapimaje?" Nami bado sijaoa wakati huo, ananiita mzee. Nikamwambia, "Napima kwa heshima."

Shule nilifika darasa la sita, hilo unalijua. La saba niliacha kwa hiari yangu, kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananiuliza maswali ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo majibu, sasa nikaona ananipotezea muda. Lakini mtu asiniambie sijui kutunga maneno. Kila fundi wa upande huu wa machimbo, ukimuuliza moshi mweupe ni nini, atakwambia ni maji yanaaga, na atakwambia alisikia kwangu.

Kuhusu huyo wa tasnifu ya zamani, basi ni wazi kama mchana. Aliniibia. Alikuja, akanisikiliza, akaenda kuandika, akaninyima jina. Wewe na mimi sote tumeibiwa na mtu mmoja. Iambie kamati imwite yeye.

Nikitakiwa nije mwenyewe, nitakuja. Suti ninayo.

Mjomba wako, mwenye maneno yake


17 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, nimefarijika kusikia goti ni zima. Hapa hali ya hewa ni ya vumbi, ila afya ipo.

Nimemsomea Mwalimu Miwani barua yako. Alicheka kwenye kuku, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Hii ni hadithi. Kamati itataka ushahidi." Akanipa fomu ya maelezo ya mtoa habari, naiambatisha hapa. Ukitia sahihi unakuwa umeapa.

Naomba unielewe kidogo kazi yetu ilivyo, mjomba. Kuandika chanzo si adabu tu. Ni kumwonyesha msomaji njia, ili akitaka kwenda mwenyewe afike. Nikisema "fulani alisema", basi mtu aweze kwenda kwa fulani akamkuta, na fulani aseme ndiyo, nilisema. Nikitaja njia isiyofika popote, ni vibaya kuliko kutotaja.

Sasa unijibu mambo matatu bila kuku na bila mawingu. Huyo mwandishi alikuja kwako lini? Alikuwa mtu wa namna gani? Mlizungumzia wapi?

Bado wiki nne na siku chache. Nakutegemea.

Mpwa wako


24 Februari

Profesa,

Marahaba. Tuko salama, mvua haijanyesha, matofali yanakauka vizuri na watu wananisifia.

Mambo matatu, majibu matatu. Alikuja miaka ishirini na sita iliyopita, kipindi cha kiangazi, siku ya Jumanne. Alikuwa bwana mrefu, mwembamba, ana ndevu zimechongwa na kalamu mbili mfukoni. Anaitika "naam, naam" kwa kila ninachosema, mpaka nikaona huyu ama ana akili sana ama hasikii. Tulizungumzia kibandani kwangu. Nilimpa kigoda, mimi nikakaa juu ya ndoo, maana mgeni ni mgeni. Alinipiga picha tatu. Aliponiaga alinishika mkono, akasema, "Fundi, umenifumbua macho." Nilimwambia angalia tu usiyatumbukize kwenye tanuru.

Umeona, hakuna kuku wala wingu.

Fomu nimetia sahihi, na chini yake nimegonga muhuri wangu wa kazi, ule wenye picha ya tofali. Ukiwaonyesha huo watanyamaza.

Usihangaike, mwanangu. Mjomba wako yupo.

Mjomba wako


28 Februari

Mjomba,

Shikamoo.

Kabla sijapata barua yako nilishuka ghala la maktaba. Ni chumba cha chini, kina taa moja, na tasnifu za zamani zimefungwa kwa kamba. Niliitafuta ile ya miaka ishirini na sita siku mbili nzima, nikaipata, nikakaa sakafuni nikaisoma yote.

Aliyeiandika ni mwanamke. Jina lake liko kwenye jalada, na picha yake ukurasa wa mwisho. Hana ndevu.

Na aliyehojiwa naye ni mwanamke pia. Hakumtaja jina. Ameandika hivi tu, ukurasa wa hamsini na nane: "Mwanamke mmoja mchomaji, mwenye umri wa makamo, aliniambia." Kisha yanafuata maneno yale yote. Maji yanaaga. Kuni zinagombana. Tofali linakubali. Uende ukanawe. Hata kunawa, mjomba.

Fomu yako nimeichana. Mwalimu Miwani alikuwa anaingoja, nikamwambia haitakuja. Ningeipeleka, tungekuwa wezi wawili, na mmoja wetu ameapa.

Mimi nina kosa langu na nitalisema mbele ya kamati. Nilichukua maneno nikayaandika kama yamezaliwa na mimi, na hata kama yangekuwa yako kweli, ningepaswa kukuandika. Sikukuandika kwa sababu ni wewe. Niliona mtu wa nyumbani hahitaji kutajwa. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini lako sitalibeba. Yupo mwanamke ambaye maneno yake yamechukuliwa mara tatu, na huyo wa maktaba, na wewe, na mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja. Wewe unamjua. Kama ni hai, nataka jina lake. Tarehe 20 nitaingia pale ama na jina hilo, ama bila kitu, na watakaloamua waamue. Hadithi sitaingia nayo.

Usiniandikie kunituliza. Ukiniandikia, niandikie jina.

Mpwa wako


13 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nakupa, na afya yako naiulizia kwa dhati, maana barua yako ya mwisho haikuwa na hali ya mtu anayelala vizuri.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza nilieleza jinsi ulivyonielewa vibaya. Mara ya pili nilisema yule bwana mwenye ndevu alikuwa msaidizi wa yule mama. Niliona inazidi kuwa tamu, nikaichana. Ya tatu sikumbuki. Hii ya nne nimeiandika polepole, kila herufi imesimama, kwa sababu nataka uipeleke kwa kamati kama ilivyo.

Anaitwa Bi Moshi. Hilo ni jina la kazini. Jina lake kamili, la kitambulisho, nimeliandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, na chini yake kuna alama ya kidole gumba chake. Ni hai. Jumatatu nilikwenda kwake.

Nilifanya kazi kwake miaka mitatu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuja sijui kutofautisha udongo na mchanga. Kila kitu ninachokijua kuhusu moshi nilikijua nikiwa nimesimama nyuma yake, yeye anasema na mimi narudia mpaka aseme basi. Kisha ikatokea kazi ya kujenga ile shule ya kwanza pale mjini. Walikuwa wanamtafuta yeye. Wakanikuta mimi barabarani, wakaniuliza, "Unamjua fundi mkubwa wa matofali?" Nikasema, "Mnazungumza naye." Sikupanga kusema hivyo. Mdomo ulifika kabla yangu. Nilipokwisha kusema, ikabidi niende nikachome, na nilipokwisha kuchoma, ikabidi niendelee kusema. Kwake sikurudi hata kuaga. Ni miaka ishirini na tatu.

Basi nilipanda basi mpaka kituo cha mwisho, nikatembea kuzunguka machimbo. Njiani nilikuwa na hotuba nzuri sana. Nilimkuta anakandika tanuru kwa nje, udongo mpaka kwenye viwiko. Mgongo umepinda, lakini mkono ni ule ule. Hakugeuka.

"Umekuja kunifundisha?" akasema.

"Shikamoo, Bi Moshi."

"Marahaba. Nasikia siku hizi mimi nilikuwa mwanafunzi wako."

Nikainamisha kichwa. Mimi, Profesa, nikainamisha kichwa.

"Wateja huniambia," akasema. "Mmoja alikuja hapa akaniambia nina bahati kufundishwa na fundi mkubwa vile. Nikamwambia kweli, alinifundisha subira. Chukua ndoo."

Nikachukua ndoo. Nimebeba udongo tangu jua liko upande wa kushoto wa tanuru mpaka limehamia kulia. Suti nilikuwa nimevaa, hilo usiulize. Kila nikifungua mdomo nianze hotuba, anasema, "Kandika." Mara moja nilianza kuwasimulia vibarua wake habari za tanuru langu la tofali elfu arobaini. Akaniangalia, nikasema, "Elfu nane." Akaendelea kuniangalia. Nikasema, "Elfu sita, na moja ya tatu zilipasuka." Akarudi kwenye kazi yake.

Tulipomaliza akanawa, akakaa, akasema, "Sasa sema." Nikamwambia yote. Chuo, kompyuta, kamati, fomu niliyoapa, ndevu. Kwenye ndevu alifunika uso kwa mkono, sijui alikuwa anacheka au vipi. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto wa dada yako anafukuzwa shule kwa ajili ya mdomo wako."

"Ndiyo."

"Sema tena hiyo ndiyo, sikuisikia vizuri."

Nikaisema tena.

Yule mwandishi wa maktaba anamkumbuka. Msichana mwenye daftari la kijani, alikaa wiki mbili, mwaka mmoja kabla mimi sijafika. Alimwahidi atamletea kitabu kikiisha. Bi Moshi alisubiri miaka kadhaa, akawa anauliza wageni wanaotoka mjini kama wana mzigo wake. Baadaye akaacha. Hajui kusoma, lakini alitaka kukiweka nyumbani.

Kuhusu wewe, amekubali uandike, kwa masharti yake, na nilimwahidi nitayaandika kama alivyoyasema.

La kwanza, aandikwe jina lote, majina matatu. "Mwanamke mmoja" hataki tena. Anasema wanawake mmoja mmoja wamejaa kila mahali.

La pili, moshi wa buluu si wake. Alifundishwa na mfinyanzi wa vyungu aliyekuwa jirani ya mama yake, naye ni marehemu. Jina la mfinyanzi lipo kwenye karatasi ile ile. Nilimwambia, "Bi Moshi, huyo hakuna atakayemuuliza." Akaniambia, "Ndivyo na wewe ulivyosema juu yangu."

La tatu nilitaka kuliruka, akanikataza. Alinivuta mkono mpaka upande wa nyuma wa tanuru. Pana mti umesimamishwa kando, umechorwa mstari wa makaa usawa wa tofali la juu. Akasema, "Huu umeusahau?" Sikuusahau. Wakati nafanya kazi kwake nilikuwa naogopa kupanda juu ya tanuru kuangalia kama limeshuka. Nilikuwa naogopa sana, miguu inakataa. Nikasimamisha mti, nikachora mstari, ili nitazame nikiwa chini. Tanuru likishuka kiganja kimoja chini ya mstari, limeiva. Kila mtu alinicheka. Akasema, "Ulipoondoka nikaujaribu. Nimeutumia tangu hapo, sijaunguza tanuru hata moja. Huo ni wako. Mwambie mtoto auandike ni wako."

Miaka yote nimejisifu kwa vitu vyake, na hiki sikuwahi kukitaja kwa mtu, kwa sababu ningelazimika kusema niliogopa.

Haya nimeyaandika mimi mwenyewe, nina akili timamu. Maneno ya moshi si yangu. Niliyachukua kwa Bi Moshi nikayasema kama yangu kwa miaka ishirini na tatu, na mpwa wangu aliyasikia kwangu akiwa mtoto na hakuwa na namna ya kujua. Atakayetaka kuhakikisha, apande basi mpaka kituo cha mwisho. Atamkuta.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo nimekula nikashiba.

Barua yako ilifika tarehe 19, mchana. Niliisoma nimesimama mlangoni, na mkoba bado begani.

Kamati ina watu watano na meza ndefu. Nilianza na kosa langu. Niliwaambia nilichukua maneno bila kunukuu na bila kutaja, na kwamba kuyasikia nyumbani hakuyafanyi yasiwe na mwenyewe. Kisha nikaisoma barua yako yote, mpaka mwisho, na ndoo na suti na elfu sita. Sikuruka kitu. Mwenyekiti, mama mmoja mkali, aliomba karatasi yenye kidole gumba, akaitazama muda mrefu, akampitishia wa pili, naye akampitishia wa tatu. Mmoja alisema barua ya mjomba si chanzo cha kitaaluma. Mwalimu Miwani akamjibu, "Lakini inafika. Imetaja kituo cha basi."

Hawakunifukuza. Nimepewa onyo la maandishi ambalo litakaa kwenye faili langu, na sura ya tatu yote inafutwa. Naiandika upya tangu mwanzo, kwa kwenda kuwahoji watu mimi mwenyewe, na nina miezi mitatu. Sitahitimu na wenzangu mwaka huu. Nililia kidogo kwa hilo, halafu nikanunua daftari.

Wiki ijayo nakuja huko. Nitalala kwenu na kila asubuhi nitakwenda kwa Bi Moshi. Zile kurasa za maneno yake kutoka ile tasnifu ya zamani nimezitoa nakala, nimezifunga ziwe kama kitabu chenye jalada. Nakitanguliza kwako, umfikishie kabla sijafika. Mwambie kimechelewa.

Nimeanza aya ya kwanza, naomba umsomee naye aseme kama ni sawa:

"Alama hizi za moshi nilizipata kwa Bi Moshi, mchomaji wa matofali kwa zaidi ya miaka arobaini, isipokuwa ya moshi wa buluu, ambayo yeye aliipata kwa mfinyanzi jirani wa mama yake. Majina yao kamili yamo katika marejeo. Mimi nilizisikia kwanza kwa mjomba wangu, fundi matofali, aliyeshirikiana na Bi Moshi kwa miaka mitatu katika kuendeleza mbinu hizi. Mti wenye mstari, unaoonyesha kushuka kwa tanuru, ulibuniwa na mjomba wangu."

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Chumba chako kimefagiliwa, kitanda nimekigongelea misumari mipya.

Kitabu nimempelekea. Alikishika kwa mikono miwili, akauliza jina lake liko wapi. Nikamwambia humo halimo, hicho ndicho cha yule msichana, litakuwa kwenye cha kwako. Akasema sawa, akakiweka ndani juu ya kabati.

Kisha nikamsomea aya yako. Alikuwa anafagia mbele ya kibanda. Nilisoma jina lake la kazi, akaendelea kufagia. Nilisoma habari za mfinyanzi, akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika pale ulipoandika "aliyeshirikiana", ufagio ukasimama. Nikasoma mpaka mwisho, akasema, "Ameandika vizuri, ni mtoto mwenye adabu," akarudi kufagia, lakini alifagia mahali pale pale alipokwisha kufagia.

Nilirudi nyumbani nikatulia. Najua kwa nini uliliweka neno lile. Ulitaka nisiaibike sana. Ningekuwa mimi wa mwezi wa pili, ningelikata nikalibandika ukutani.

Hatukushirikiana. Hakuna nilichoendeleza. Ule mti ndio wangu, na niliusimamisha kwa woga, andika hivyo ukipenda. Yale mengine yote nilikuwa nimesimama nyuma yake narudia.

Nimeirudisha karatasi yako ndani ya bahasha hii. Neno lile nimelikata kwa kalamu nyekundu, pamoja na yale yaliyofuata mpaka kwenye nukta, na juu yake nimeandika, "aliyefundishwa na Bi Moshi kwa miaka mitatu". Jana nilirudi nikamsomea tena ikiwa hivyo. Hakusimamisha ufagio.

Njoo na viatu vya udongo. Mimi nipo kwake kila siku mpaka saa tisa, tunafyatua tofali za tanuru jipya.

Mjomba wako